Shina Lililopungua

Kaka yangu mkubwa alirudi Kigoma kwa treni baada ya miaka kumi na mmoja, na hakumwambia mtu. Tulipata habari kwa dereva wa bodaboda wa pale stesheni aliyemtambua, akampigia simu mdogo wetu wa mwisho. Mdogo wetu akanifuata mtaa wa Mwanga, kwenye kibaraza ninaposhonea nguo, akaniambia niache cherehani, mkubwa amekuja. Tulipofika stesheni abiria wengi walikuwa wameshaondoka. Kaka alikuwa amekalia begi lake karibu na ukuta, amevaa koti katika joto lile, uso umevimba chini ya macho. Mara ya kwanza nilimpita. Ni yeye aliyeniita.

Mikononi alishika chupa ya maji iliyokatwa shingo. Ndani mlikuwa na kitambaa kilicholowa, na kwenye kile kitambaa kulikuwa na kimmea chenye majani mawili na mizizi myembamba kama nywele. Nilidhani ni dawa anayotumia.

Aliondoka kijana, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya melini, na baada ya kuhangaika huku na huko akaishia Ushelisheli. Kwanza alibeba zege kwenye ujenzi wa mahoteli, halafu akapata kazi ya bustani katika hoteli moja iliyokuwa chini ya mlima. Alikuwa akipiga simu kila Idi. Mama alikuwa akiishi Bangwe, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba mita chache kutoka ziwani, na kwa miaka yote ile alikuwa akiwasimulia majirani habari za mwanawe wa visiwani. Kwa hiyo siku ile, kabla hata ya adhuhuri, uani palijaa watu. Mama akapika wali na samaki wa migebuka kwa mawese. Watu walikula polepole, wakitupia macho lile begi.

Lilipofunguliwa lilikuwa na mashati, viatu vya kazi, tasbihi ya kumpa mama, na bahasha ya picha za hospitali. Basi. Majirani wakaaga mmoja mmoja. Mdogo wetu ndiye aliyekuwa akimtunza mama kwa muda wote huo kwa kazi ya kununua dagaa kijijini Mwamgongo na kuwauza mjini. Alisubiri mpaka mgeni wa mwisho akatoka, akasema bila kupandisha sauti:

"Miaka kumi na mmoja, kaka. Umetuletea jani."

Kaka aliuliza ni wapi hapa nyumbani kunakaa kivuli mchana kutwa.

Kumbe figo zake zilikuwa zimeshachoka. Alilijua hilo tangu kule. Daktari wa hapa mjini alituambia yale yale yaliyokuwa kwenye bahasha, ila kwa Kiswahili, na mimi na mama ndio tulioyasikia kwa mara ya kwanza. Kaka alikuwa akitazama dirishani.

Kimmea alikipanda nyuma ya jiko, kati ya ukuta na pipa la maji ya mvua, mahali ambapo jua halifiki na udongo haukauki. Alichanganya udongo na majani yaliyooza, akaokota mawe akayapanga kuzunguka. Akamkataza kila mtu kukimwagilia maji ya ziwa. Alisema maji ya ziwa letu yana chumvichumvi, na mmea huu kwao unakunywa ukungu. Mama alicheka kusikia kwamba kuna mmea unaokunywa ukungu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu bahasha ile ifunguliwe.

Ulikua. Shina lake lilikuwa laini, limejaa maji, la kuvunjika ukiligusa vibaya. Ulipochanua nilitarajia kitu kikubwa, kwa jinsi alivyokuwa akiamka kwenda kuutazama kila alfajiri. Lilikuwa ua jeupe dogo, lenye wekundu hafifu katikati, na kwa nyuma lilitoa kimkia chembamba kilichopinda, kama uzi uliochomoka kwenye pindo. Nikamwambia maua ya namna hii mbona yako hata kwenye bustani za hapa mjini, ya rangi ya waridi. Akasema yale ni ndugu zake tu, wa kwetu bara. Hili halipo kokote duniani isipokuwa kwenye milima ya visiwa vile, na huko nako yamebaki machache mno, yanasongwa na magugu yaliyoletwa na watu kutoka nje. Alisema hivyo kisha akaanza kuyapanga upya yale mawe, kama aliyeona amesema zaidi ya alivyokusudia.

Maneno ya majirani yalianza. Wakasema kijana amerudi na jini la baharini, amelipanda nyuma ya jiko, ndilo linalomnywa. Kweli alikuwa akizidi kuvimba na kupauka. Mwanamke mmoja alimshauri mama asubiri mchana kaka akiwa amelala, aung'oe autupe ziwani. Mama akamwambia kama mtoto wake ameletewa maradhi na ua, basi na aulizwe Mungu kwa nini aliliumba. Yule mwanamke hakurudi tena nyumbani kwetu mpaka siku ya msiba.

Mimi nilikuwa nikienda Bangwe kila nilipopata nafasi, na nguo za kupinda kwa mkono ili nisipoteze siku. Kaka alikuwa akilala mkekani kwenye kibaraza cha nyuma, mahali anapoweza kuuona mmea wake. Alasiri moja mama alikuwa amekwenda kwenye kisomo, na mdogo wetu alikuwa Mwamgongo. Nilikuwa nikipinda sketi za shule. Kaka akaniambia anataka kunieleza kuhusu mzee fulani.

Alisema hotelini kulikuwa na mtunza bustani mkongwe, mwenyeji wa pale, aliyempokea kazini na kumfundisha kila kitu, hata namna ya kushika panga la bustani. Mzee huyo alimpeleka nyumbani kwake, akala mezani kwao, binti wa mzee akamfundisha maneno ya lugha yao. Siku maalumu, hoteli ilikuwa ikiwatoa wafanyakazi wake wa bustani kwenda mlimani kusaidia kung'oa magugu ya kigeni msituni. Mzee ndiye aliyekuwa akiongoza, kwa kuwa aliujua mlima. Juu kabisa, kwenye ukungu, palikuwa na jabali linalotiririka maji, na kwenye nyufa zake ndipo ilipoota mimea hii. Kila shina lilikuwa na kibao kidogo cha namba. Palizungushiwa wigo, na ufunguo wa wigo alikuwa nao yule mzee peke yake.

"Aliniingiza ndani," kaka alisema. "Hakumwingiza mwingine. Alinionyesha pa kuweka mguu."

Wiki aliyopewa majibu ya hospitali, akaambiwa pia kwamba mkataba wake hautaongezwa, walipanda tena mlimani wawili tu. Mzee akakaa nje ya wigo kula mkate. Kaka akaingia. Hakukata tawi. Aling'oa shina zima na mizizi yake, dogo kuliko yote, akalifunga kwenye leso iliyolowa, akaliweka ndani ya shati. Kile kibao cha namba akakitupa kwenye maji.

Nikamuuliza kwa nini.

"Sijui, dada. Niliona kila kimoja kina namba, kikipotea watu wanajua. Mimi nimekaa visiwa vile miaka yote ile, hakuna aliyekuwa akinihesabu. Nikaingiwa na hasira. Nililionea wivu jani."

Haikupita muda mrefu, wahusika wa msitu wakaja kuhesabu. Shina moja limepungua. Mzee akaitwa, akaulizwa nani aliingia. Kaka naye akaitwa. Akasema hakusogea karibu na jabali, alibaki nje akila mkate. Maneno yake na ya mzee yakapingana, na kwa kuwa ufunguo ulikuwa wa mzee, mzee ndiye aliyebeba lawama. Wakamtoa kwenye kazi ya mlimani, na haukupita mwezi hoteli nayo ikamwachisha. Siku ya mwisho alipita chumbani kwa kaka kumuaga. Hakumuuliza lolote. Kimmea kilikuwa chini ya kitanda, ndani ya ile chupa.

Sketi ilikuwa imeniangukia miguuni. Nilimwambia, kaka, ungesema.

"Ningesema," alisema.

Akanionyesha namba ya mzee kwenye simu yake, akaniomba akishakufa nimpigie nimweleze kweli yote. Akiwa hai hataweza. Mimi nikapandwa na hasira ambayo sikujua nimeiweka wapi. Nikamwambia kwa hiyo aibu yako unaniachia mimi. Nilitaka akatae. Alinitazama kwa macho yale yaliyovimba, akasema, "Ndiyo."

Alifariki asubuhi, mama akiwa jikoni anamkorogea uji usio na chumvi. Tulimzika Ujiji siku ile ile baada ya alasiri. Mdogo wetu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na alipotoka alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Tangu siku ya begi, ndugu hawa wawili walikuwa wakisalimiana tu.

Sikupiga simu. Nilijiambia nisubiri arobaini ipite. Ikapita. Nikajiambia sina lugha ya kuzungumza na mtu wa Ushelisheli. Hilo lilikuwa kweli, lakini sikuwa nimetafuta wa kunisaidia. Simu ya kaka niliiweka kwenye kopo la vifungo, na kila nilipotafuta kifungo niliiona.

Mmea ulibaki na mama. Aliutunza kwa masharti yote aliyoyaacha marehemu, hata la kutoupa maji ya ziwa. Wakati wa kiangazi pipa lilipokauka, alinunua maji ya chupa dukani akaumwagilia kwa kikombe, naye mwenyewe akanywa ya bomba. Alipenda kuuambia habari za nyumbani. Nilimkuta mara nyingi.

Halafu ziwa likapanda. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa. Maji yalifunika kwanza mawe tuliyokuwa tukifulia, yakaja kwenye njia, yakaja kwenye mashina ya michikichi ya jirani. Watu walipanga mifuko ya mchanga, ziwa likapita katikati ya mifuko. Vyoo vikajaa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu iliinama siku nzima kama mtu anayefikiri, jioni ikakaa chini. Mdogo wetu alianza kubandua mabati ya nyumba ya baba ili yasiende na maji, nami nikatenga chumba kwangu Mwanga kwa ajili ya mama.

Siku ya kumhamisha, maji yalikuwa yameshafika kwenye pipa. Nikasema mmea nauchukua, nitauweka kwangu nyuma ya nyumba ambako kuna kivuli cha ukuta. Mama akakataa. Alisema utakwenda Ujiji, upandwe juu ya mwanawe.

Nilimwambia makaburi yale hayana hata kichaka, jua linapiga tangu linapochomoza mpaka linapozama. Akasema atakwenda kumwagilia. Nikamwambia mama, si maji tu, ua hili halivumilii jua. Akaanza kuongea Kiha, lugha anayoitumia akiwa na uchungu, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nisijifanye sikuelewa.

"Nyumba imekwenda. Baba yenu aliyeijenga amekwenda. Mtoto alikuja na kitu kimoja tu. Mnataka nacho kikae kwa nani, na yeye kule alale mtupu?"

Hapo ndipo ningeweza kumweleza. Ningemwambia kwamba hiki si cha mwanao, ni cha mlima wa watu, vimebaki vichache duniani, na kuna mzee amepoteza kazi kwa ajili yake. Alikuwa amesimama kwenye maji yaliyomfika kwenye vifundo vya miguu, ameshika sufuria yenye mmea na udongo aliouchanganya kaka. Nikasema sawa, mama. Kabla hatujaondoka nilijifanya nampokea sufuria niitafutie kifuniko, nikakata kitawi kimoja, nikakificha kwenye mfuko wa plastiki.

Tulikwenda Ujiji kwa bajaji. Mama alipanda kwa mikono yake upande wa kichwani, akaomba dua, akamwagilia maji ya chupa mbili. Ulikuwa na ua moja limechanua. Siku ya pili nilipokwenda naye, majani yalikuwa yamelala. Siku ya tatu shina lilikuwa limegeuka kahawia na kulainika kama kitu kilichochemshwa. Mama alilitazama kwa muda, akaondoa majani makavu kwa ncha za vidole, akasema limemfikia. Kisha akaniomba nimsaidie kunyanyuka. Nilimchukia mama yangu kutoka pale makaburini mpaka barabarani, hatua labda mia mbili, kisha ikaniishia. Tulivyokuwa tukisubiri bajaji alinifuta vumbi begani.

Kitawi changu kilikuwa kwenye glasi ya maji ya mvua nyuma ya cherehani. Kikatoa mizizi. Ndipo nilipopata hofu mpya, kwamba nacho kitakufa kabla sijasema neno kwa yule mzee, na nitakuwa sina chochote cha kumwambia isipokuwa hasara. Nikaitoa simu kwenye kopo la vifungo.

Jirani yangu wa pale kibarazani ni mama wa Kikongo anayeuza vitenge, mzaliwa wa Kalemie, na Kifaransa anakijua, lugha ambayo watu wa Ushelisheli nao wanaielewa. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja vitenge vyake, akasema kazi ya namna hii haifanywi na mtu amesimama. Akavuta kigoda. Mdogo wetu alikuwa amekuja na mfuko wa dagaa wa mama, akakaa kwenye ngazi akichezea simu yake. Sikumfukuza. Nilikuwa nimechoka kuficha.

Nilipopiga, alipokea mwanamke. Mama wa vitenge akaongea naye, akanigeukia kunieleza kwamba ni binti wa mzee, na mzee yu hai, amekaa hapo karibu yake, anauliza sisi ni nani. Nikasema mimi ni dada wa yule Mtanzania wa bustanini. Kukawa na furaha kwenye simu, niliisikia bila kutafsiriwa, wakiulizia hali yake. Nikasema amefariki. Furaha ikakatika. Nikasema kuna jambo ameniagiza.

Nililisema kwa vipande vifupi, naye akalipitisha kwa vipande vifupi. Jabali. Leso. Kibao kwenye maji. Chupa chini ya kitanda. Kila alipomaliza kipande, mama wa vitenge alifumba macho kidogo kabla ya kuniambia niendelee. Upande wa pili binti alianza kuongea kwa haraka, sauti imepanda.

"Anasema baba yake ameumwa miaka yote hii kwa jambo hilo," mama wa vitenge akaniambia. "Anasema mzee mwenyewe amefika mahali pa kuamini kwamba shina lile alilikanyaga yeye kwa mguu wake na hakuona. Kwamba uzee ulimdanganya. Mpaka amekwenda kuungama kanisani kosa ambalo si lake."

Kisha tukamsikia binti akimweleza baba yake kwa lugha yao. Tukasikia kuku wa huko wakilia. Halafu sauti ya mzee ikaja yenyewe kwenye simu, nzito, bila haraka. Alisema maneno machache.

Mama wa vitenge alisita. Nikamwambia asinipunguzie.

"Anasema ahsante kwa kumwambia. Kusamehe, leo hawezi. Anasema mpigie siku nyingine."

Nilipogeuka, mdogo wetu alikuwa amesimama. Hakuwa akijua lolote mpaka siku ile. Nilitegemea atasema, alikuwa na haki ya kusema. Aliweka mfuko wa dagaa mlangoni, akaondoka. Aliporudi kutoka Mwamgongo safari iliyofuata, alinishushia kiroba cha udongo mweusi aliouchimba kando ya kijito kule kijijini, wenye majani yaliyooza, wenye ubaridi bado. Alisema amesikia kwamba kinapenda udongo wa namna hiyo. Nilihamishia kitawi humo.

Nilipiga tena baada ya wiki kadhaa. Safari hii mzee alipokea mwenyewe. Alitaka kujua habari za mmea tu. Umefika wapi, ulikua kiasi gani, ulichanua mara ngapi, tuliupa maji gani. Nilimweleza kuhusu nyuma ya jiko na pipa la mvua, na nikasikia akitoa sauti ya kuridhika. Akauliza uko wapi sasa. Nikamweleza ziwa, nikamweleza kaburi.

Aliuliza kitu kimoja, na mama wa vitenge akakileta kama kilivyo: "Ulijua kwamba utakufa pale?"

Nikasema nilijua.

"Na hukumwambia mama yako."

Sikumwambia.

Mzee akasema kwamba mimi na kaka yangu ni watu wa tumbo moja kweli. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Baada ya hapo akaanza kunifundisha namna ya kukitunza kile kitawi, kwa uvumilivu ule ule ambao lazima ndio aliomfundishia kaka. Nisikiweke na yale maua ya bustanini ya rangi ya waridi, kitachanganya mbegu nayo na watoto wake hawatakuwa wa aina yake. Nisikiloweshe shina usiku. Nikifunike na ndoo wakati wa upepo mkavu. Niliandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja. Nilimuuliza kama kuna njia ya kukirudisha kwao. Akasema kimeshapita katika udongo mwingine, na udongo una maradhi yake. Hakuna atakayeruhusu kipandishwe mlima ule tena, na yeye mwenyewe akiulizwa atakataa.

Kilichanua mara mbili. Kiangazi kikaja na ule upepo wa vumbi unaoshuka milimani, nikafuata masharti yote, ndoo na maji ya mvua niliyoyahifadhi kwenye madumu. Shina likaanza kuoza kutoka chini, ndani ya udongo, ambako sikuweza kuona. Siku nilipolishika likanibakia mkononi. Vilikuwepo vitumba vya mbegu viwili, nikavipanda vyote. Viliota vimmea vitatu, nikafurahi, nikamwita hata mama aje aone. Vilipochanua vilikuwa na rangi ya waridi. Upande wa pili wa ukuta jirani ana kopo la maua ya bustanini, na wadudu hawajui ukuta.

Nilimpigia mzee kumweleza. Alipokea binti, akasema kwa Kiingereza rahisi, ambacho nilikielewa, kwamba baba amelala na kwamba atamwambia. Sijui kama alimwambia. Nimepiga mara nyingine, mara inaita, mara haiiti.

Mama bado yuko kwangu. Nyumba ya Bangwe imebaki kuta mbili ndani ya maji, na watoto wa shule huzitumia kupigia mbizi. Mwaka huu, nikiwa nampima gauni la Idi, nilimweleza mama habari yote, kuanzia kwenye jabali. Alikuwa amenyoosha mikono kama wanavyonyoosha watu wanaopimwa, na hakuishusha mpaka nilipomaliza. Aliniuliza huyo mzee ana watoto wangapi. Nikasema ninayemjua ni binti mmoja. Akaniambia nishone gauni lake kwa kitambaa cha bei ndogo, na kile kizuri alichomnunulia mdogo wetu nishone gauni la yule binti, tutafute namna ya kulipeleka. Nikamwambia sijui kimo chake. Mama akasema nikadirie.

Nimelishona. Limetundikwa kwenye msumari juu ya cherehani, ndani ya nailoni, na wateja huniuliza kama linauzwa.